Maoni ya Marehemu

Nchi yenyewe haiko jirani na yetu, haifanani na yetu, na msomaji akiona humu kitu anachokifahamu ayalaumu macho yake. Iliitwa Jamhuri ya Tengamano, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba serikali haikufanya jambo lolote bila kuwauliza wananchi. Wananchi wa Tengamano waliulizwa mpaka wakachoka. Waliulizwa kabla ya barabara kuchimbwa, wakaulizwa tena baada ya barabara kuachwa mashimo, na mwaka mmoja waliulizwa kama wangependa kuendelea kuulizwa. Walikubali kwa asilimia mia moja na nne.

Katikati ya jamhuri hiyo kulikuwa na mji mdogo unaoitwa Kilumbi, na katika mji huo aliishi mjane mmoja, Bi. Mektilda Lugendo. Alikuwa mpiga chapa wa Halmashauri kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alibaki katika nyumba yake ya vyumba vitatu, mtaa wa Kisimani, ambayo yeye na mumewe Filbert waliijenga tofali kwa tofali. Filbert mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, hatua sita kutoka mlango wa jikoni, katika kaburi la saruji ambalo Bi. Mektilda alilisakafia kwa mikono yake. Kila jioni alitoka na kigoda na ungo, akaketi pale akichambua mchele na kumpa marehemu habari za mjini. Hakuwa mwendawazimu. Alijua kabisa kwamba Filbert hasikii, ila hata alipokuwa hai hakuwa msikilizaji, kwa hiyo tofauti haikuwa kubwa.

Marehemu alikuwa fundi saa, na alikuwa mbishi wa kupindukia. Alibishia bei ya nyanya, mahubiri ya Jumapili na taarifa ya hali ya hewa. Siku ya kufa alibishana na daktari kuhusu jina la ugonjwa, na Bi. Mektilda anaamini mpaka leo kwamba angepewa nusu saa zaidi angemshinda.

*

Ikatokea kwamba dampo la Kilumbi lilijaa. Takataka zilipanda mpaka mbuzi wakawa wanazitumia kuchungulia mjini. Afisa Mipango Miji, Bwana Ezironi Kipute, mtu mwembamba mwenye kalamu sita kwenye mfuko wa shati, akatandaza ramani ya mji mezani. Mitaa ya kuishi watu ilipakwa rangi ya njano, na dampo rangi ya kahawia. Akatafuta mahali ambapo harufu haitamfikia Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Deusdedit Makoloweka, aliyekaa kilimani, Mtaa wa Upepo. Kwa mujibu wa upepo wenyewe, mahali hapo palikuwa Kisimani. Akachukua kalamu ya kahawia, akaipaka Kisimani yote kwa uangalifu bila kutoka nje ya mstari. Kisha akakumbuka kwamba wananchi hawajaulizwa.

Tangazo la kuwauliza lilibandikwa kwa siku ishirini na moja kama sheria ilivyotaka. Lilibandikwa ndani ya kabati la Bwana Ezironi na kabati likafungwa kwa kufuli, maana matangazo yanayobandikwa nje huchanwa na watu. Siku ya ishirini na mbili ikapita gari ya kipaza sauti ikiwakaribisha wakazi wa Kisimani katika ukumbi wa Halmashauri kutoa maoni juu ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na ikaongeza kwamba kutakuwa na soda.

Bi. Mektilda hakuenda kwa ajili ya soda. Aliandika kurasa tatu. Katika ukurasa wa kwanza alieleza kwamba kisima cha mtaa ule kilinywesha nusu ya mji, katika wa pili akataja kaya arobaini na nane kwa majina, na katika wa tatu aliandika jambo moja tu, kwamba mume wake alikuwa amelala pale na hataki amwagiwe taka. Huo ukurasa wa tatu aliurudia mara nne, kwa sababu kila mara uligeuka kuwa matusi.

Mkutano ulianza saa nne asubuhi. Mshereheshaji akawaomba wananchi wampigie makofi Mheshimiwa anayeingia, wakapiga. Akaomba makofi kwa ajili ya mke wa Mheshimiwa, ambaye hakuwepo lakini moyo wake ulikuwa pamoja nao. Kisha ukaja utambulisho wa meza kuu, uliochukua saa mbili na dakika kumi, na kila aliyesimama alipigiwa makofi, hata fundi aliyepanda kurekebisha waya. Kwenye kona aliketi kijana wa Halmashauri akibonyeza mashine ndogo ya kuhesabia. Bi. Mektilda alidhani anahesabu soda.

Mheshimiwa akasoma hotuba. Lazima ielezwe hapa namna Mheshimiwa alivyosoma. Hakuwahi hata siku moja kuipitia hotuba kabla ya kupanda jukwaani, kwa kuwa aliona ni kumvunjia heshima aliyeiandika. Wala hakuisikiliza alipokuwa akiisoma, kwa kuwa kazi ya kusikiliza ni ya mwananchi. Yeye alitoa sauti, na alikuwa na sauti nzuri. Kwa miaka kumi na miwili hotuba zake zilipigwa chapa na Bi. Mektilda, kwa herufi kubwa kama za mabango, kila pumzi mstari wake, maana alikuwa mzito na pumzi yake fupi. Mpiga chapa mpya alitumia herufi ndogo. Mheshimiwa akaruka mistari, na mbele ya ukumbi mzima akatangaza kwamba kipindupindu ni matunda ya uongozi bora na kitafika kila kaya kabla ya mwisho wa mwaka. Alipigiwa makofi.

Bi. Mektilda akasimama na karatasi zake. Mshereheshaji akamtazama kwa huruma nyingi, akasema muda si rafiki, akafunga mkutano.

*

Wiki mbili baadaye Gazeti la Serikali likatoka. Lilisema wananchi walioshiriki mkutano walikuwa tisini na sita na waliokubali mabadiliko ni mia mbili kumi na wanne. Bi. Mektilda alilisoma mara tatu, akavaa viatu vya kutokea, akaenda ofisini kwa Bwana Ezironi.

Bwana Ezironi alimpokea vizuri sana na kumpa kiti. Akamweleza kwamba chini ya Sheria ya Kauli Rasmi, neno lolote la mgeni rasmi likishapita kwenye kipaza sauti na kupigiwa makofi linakuwa amri, na ramani hurekebishwa ili ifuate. Akamkumbusha kwamba sheria hiyo aliipiga chapa yeye mwenyewe, Bi. Mektilda, na bila kosa hata moja. Kofi moja ni kura moja. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeua mbu wawili, na Halmashauri kwa uungwana wake ilizihesabu kura zake zote.

Bi. Mektilda akasema kwamba basi anataka kuweka pingamizi.

"Pingamizi linapokelewa kutoka kwa mkazi," akasema Bwana Ezironi.

"Mimi ni mkazi."

"Mkazi ni mtu anayekaa kwenye eneo la makazi. Kisimani tangu juzi si eneo la makazi, mama yangu. Ni dampo. Huwezi kuwa mkazi wa dampo, sheria inakukataza kwa ajili ya afya yako."

Alilisema hilo kwa upole, akamsindikiza mpaka mlangoni, na hata akamwokotea mwavuli.

Buldoza lilikuja Jumatatu. Kaya arobaini na nane zilipewa dakika arobaini na nane, kila kaya dakika moja, kwa usawa. Bi. Mektilda alitoa kitanda, sufuria, cherehani na mashine yake ya kupiga chapa. Alikuwa bado barazani aliposikia ukuta wa jikoni ukienda, na moyo wake ukaenda nao, lakini hakulia. Alikuwa anafikiria upande wa nyuma.

Kule nyuma alimkuta mtumishi wa Kitengo cha Ushirikishwaji wa Waliolala, amevaa tai, ameketi juu ya kaburi la Filbert na fomu mapajani. Katika nchi ya Tengamano hata wafu walikuwa na haki ya kuulizwa. Mtumishi alikuwa amemsomea Filbert mapendekezo ya Halmashauri kwa sauti, na sasa alikuwa anatazama saa. Sheria ilimpa marehemu nusu saa ya kutoa pingamizi. Nusu saa ilipokwisha akagonga saruji mara mbili kwa adabu, akangoja kidogo, akaandika. Kisha akampa Bi. Mektilda nakala yake.

Ilisomeka hivi: *Marehemu Filbert Lugendo. Aliulizwa. Hana pingamizi.*

Bi. Mektilda aliikunja ile karatasi akaitia kifuani. Nyumba wangeweza kuibomoa na labda angewasamehe akiwa mzee sana. Lakini kumsingizia Filbert kwamba hana pingamizi, mtu ambaye hakuwahi kukubaliana na kalenda, hilo lilimchoma hadi mahali ambapo hakujua anapo. Akauliza wanampeleka wapi. Mtumishi akasema mahali pa heshima. Akauliza ni wapi hapo. Mtumishi akasema fomu haina nafasi ya kuandika hilo. Buldoza likachota kaburi, saruji na udongo na kila kilichokuwamo, likamwaga kwenye lori, lori likaondoka. Aliapa hapo hapo, akiwa amesimama na sufuria mkononi, kwamba watu hawa watanuka.

*

Akapanga chumba karibu na mashine ya kusaga. Hakukaa muda mrefu kabla ya kutafutwa. Dampo jipya lilikuwa limekamilika, yaani nyumba zilikuwa zimeondoka, na katika Jamhuri ya Tengamano hakuna kitu kilichoanza kazi kabla ya kuzinduliwa. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Makoloweka mwenyewe. Lakini tangu ile hotuba ya kipindupindu alikuwa ameapa kutosoma tena herufi ndogo. Dereva wake akaja na ujumbe: Bi. Mektilda anaombwa, kwa uzalendo wake, apige chapa hotuba ya uzinduzi.

Dereva alitegemea kufukuzwa. Bi. Mektilda akamkaribisha chai, akauliza uzinduzi utafanyika wapi. Akaambiwa utafanyika kwenye uwanja wa mpira, kwa kuwa Kisimani kuna vumbi na Mheshimiwa ana suti mpya. Akasema ni heshima kubwa kwake.

Kwa siku nne alifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya katika miaka thelathini na mmoja. Aliibadilisha hotuba. Sehemu ya salamu aliiacha, ya shukrani aliirefusha, ya mafanikio akaitia chumvi mpaka Mheshimiwa apate kizunguzungu cha furaha. Ukurasa wa tisa, ule wenye mipaka ya eneo, aliuandika upya wote. Alikuwa amefika nyumbani kwa Mheshimiwa mara nyingi akipeleka mafaili, juzi tu alikuwa amepita nje ya geti akaiona na bustani mpya ya maua, na kila kitu cha pale alikifahamu. Alipomaliza aliusoma kwa sauti, akapima pumzi, akaona panafaa. Alijisikia vizuri, na hakuona aibu yoyote kujisikia vizuri.

Kisha akazunguka kwa watu wa Kisimani, kila alikojibanza mtu, kwa ndugu, kwenye vibanda, nyuma ya kanisa. Wengi walisema hawakanyagi kwenye uzinduzi huo hata wakiburutwa. Mama Tabu, aliyekuwa akiuza vitumbua mtaani kwao na sasa hana jiko, alisema kama ni kwenda basi atakwenda na mawe.

"Mawe acha," Bi. Mektilda akamwambia. "Njoo na mikono miwili. Nikisimama mimi, pigeni makofi, na msiache mpaka niketi."

*

Uwanja ulijaa. Meza kuu ilifunikwa kitambaa cha satini, na juu yake yalipangwa maua ya plastiki na chupa za maji. Watu wa Kisimani walikaa mbele kabisa, wamenyamaza, wamevaa vizuri, hata Bwana Ezironi akamnong'oneza mwenzake kwamba sasa wameelewa maendeleo. Kijana wa kuhesabu alikuwa na mashine mpya.

Kwa desturi, hotuba ilikabidhiwa kwa mgeni rasmi jukwaani, ikiwa imefungwa utepe, na ikishapigwa chapa, mtu mwingine yeyote kuiona kabla yake ilikuwa kosa la jinai. Bi. Mektilda akapanda, akapiga goti kidogo, akamkabidhi. Mheshimiwa akafungua, akaona herufi kubwa kama za mabango, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyerudishwa kwa mama yake.

Alisoma kwa raha kurasa nane. Sauti yake ilitua kila mstari mahali pake, na watu waliokuwa barabarani walisimama kumsikiliza. Akafika ukurasa wa tisa.

"Ndugu wananchi. Eneo la dampo hili la kisasa. Litaanzia kwenye geti jeusi. Lenye simba wawili wa saruji."

Bi. Mektilda akasimama. Kisimani wakapiga makofi. Hawakupiga kama watu, walipiga kama mvua ya mawe kwenye bati. Mama Tabu alipiga akilia. Mheshimiwa alikuwa hajapata kupokelewa hivyo maishani, akavuta pumzi, akaongeza sauti.

"Litapanda kwenye bustani ya maua. Iliyopo kwenye mteremko. Litaizunguka nyumba ya ghorofa. Yenye vigae vyekundu. Na bwawa la kuogelea. Lenye umbo la haragwe."

Bwana Ezironi alikuwa amesimama, mweupe kama chaki. Lakini kumkatiza mgeni rasmi akiwa kwenye kipaza sauti kulikuwa na kifungo cha miaka mitano, kifungu alichokitunga yeye mwenyewe baada ya mlevi mmoja kumkatiza yeye. Alichoweza ni kupunga mikono. Mheshimiwa akadhani anachochea shangwe, akampungia na yeye.

"Na kuishia kwenye ukuta wa nyuma. Wa Mtaa wa Upepo. Na kuanzia sasa hivi. Nimelizindua rasmi."

Akavuta utepe. Makofi yakaendelea dakika kumi na moja. Kijana wa kuhesabu alibonyeza mpaka kidole kikavimba, na mashine ikasimama kwenye elfu nne mia sita na tatu, kiwango ambacho katika Jamhuri ya Tengamano kilikuwa hakijafikiwa hata na sikukuu ya uhuru. Bi. Mektilda ndipo akaketi, akafungua soda yake. Mheshimiwa akashuka jukwaani akiwashika watu mikono, akiuliza kama wamependa ile sehemu ya simba.

*

Malori yalianza kesho yake asubuhi. Mheshimiwa alikuwa anakunywa chai kwenye veranda lori la kwanza lilipoingia kati ya wale simba wawili, likapanda mteremko, likainua mgongo na kumwaga mabaki ya soko zima juu ya maua. Dereva akamwomba asaini hati ya kupokea. Kufika saa sita yalikuwa yameingia malori tisa, na bwawa lenye umbo la haragwe lilikuwa limejaa maganda ya ndizi.

Alikimbilia kwa Bwana Ezironi na viatu vya ndani. Bwana Ezironi alikuwa anaipaka ramani rangi ya kahawia huku machozi yakimtoka, akijitahidi asitoke nje ya mstari. Mheshimiwa akaamuru amri ifutwe. Bwana Ezironi akaeleza kwamba kauli ya mgeni rasmi haifutiki ila kwa pingamizi la mkazi. Mheshimiwa akasema yeye ni mkazi. Bwana Ezironi akaangalia chini, akaangalia ramani, akashindwa kulisema, akamwonyesha kwa kidole.

Ilibaki njia moja. Tume ya Mapitio kutoka makao makuu ya jamhuri ingepita Kilumbi baada ya wiki saba, siku ya Ijumaa, na mbele yake hata mtu asiye mkazi aliruhusiwa kujieleza, kwa sharti kwamba asome maelezo yake mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kurudia mstari. Asiyefika Ijumaa hiyo alihesabiwa ameridhika.

Wiki tano zilipita. Mke wa Mheshimiwa alihamia kwa dada yake. Watumishi waliacha kazi mmoja mmoja. Mheshimiwa alijaribu wapiga chapa watatu, na wote watatu maandishi yao yalimkaba kooni. Mwishowe akashuka kilimani kwa miguu, maana hakuna aliyekubali kupanda naye gari, akafika kwenye chumba cha Bi. Mektilda karibu na mashine ya kusaga. Watu waliokuwa kwenye foleni ya unga wakajisogeza.

Bi. Mektilda alikuwa anachambua mchele. Hakumpa kiti. Alikuwa ameisubiri siku hii, na sasa ilipofika aliiona tamu vile vile alivyotarajia.

Mheshimiwa akasema amekuja kuomba. Akasema anajua yaliyotokea lakini hana kinyongo, na kwamba maelezo ya kurasa mbili tu yangemwokoa.

"Filbert mlimpeleka wapi?" akauliza Bi. Mektilda.

Mheshimiwa akajipapasa mifukoni, mmoja baada ya mwingine, kama kawaida yake akiulizwa swali. Hakukuwa na karatasi. Akabaki ameshika kitambaa cha jasho. Yaliyomtoka baadaye yalikuwa maneno ya kwanza ambayo Bi. Mektilda alimsikia akisema bila kuandikiwa, na sauti yake haikuwa nzuri tena.

"Udongo wa Kisimani ulikuwa mweusi, mzuri," akasema. "Mke wangu alitaka maua kwenye ule mteremko. Nilimwambia dereva atuletee tripu mbili. Sikuuliza ni wa sehemu gani."

Bi. Mektilda akaweka ungo chini. Mteremko ule alikuwa ameuandika yeye. Pumzi moja, mstari mmoja. Kwa wiki tano taka zote za Kilumbi zilikuwa zinamwagwa juu ya Filbert kwa hotuba aliyoipima kwa sauti na kuona panafaa. Alijichukia kwa muda, tena sana. Halafu akamtazama mtu aliyesimama mbele yake na suti iliyokaukiwa na maganda, akaona kwamba chuki yake ina mwenyewe.

Akaingia ndani, akatoka na jembe la mwenye nyumba.

"Nitakuandikia siku utakayonikabidhi mume wangu," akasema. "Tangulia."

*

Ndivyo ilivyotokea kwamba watu wa Kilumbi walimwona Mwenyekiti wa Halmashauri akichimba dampo. Alianza na suti, siku ya pili akavua koti, siku ya nne akavua viatu kwa kuwa vilikuwa vinanaswa. Bi. Mektilda alifika kila asubuhi, akaketi kwenye veranda ya Mheshimiwa, kwenye kiti cha Mheshimiwa, akachambua mchele wake. Hakumsaidia wala hakumsemesha. Watu wa Kisimani wakaanza kuja nao. Mama Tabu alipata jiko mahali, akawa anawauzia vitumbua wanaotazama, na baada ya siku chache walikuwa wengi kuliko wale waliohudhuria mkutano wa maoni.

Malori hayakukoma. Kila alipofika kwenye udongo mweusi lilikuja jingine likamrudishia kilima. Aliwabembeleza madereva. Wakamjibu kwa heshima zote kwamba wao hawana neno, ila angepaswa kuwasilisha maoni yake kwa maandishi. Mikono yake, ambayo haikuwa imeshika kitu kizito kuliko mkasi wa kukatia utepe, ilipasuka, ikapona, ikapasuka tena. Bi. Mektilda aliyaona hayo yote kutoka kwenye kile kiti na hayakumtosha.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Alhamisi. Tume ya Mapitio ilikuwa imeshafika mjini na ingekaa kesho yake saa tatu. Kabla ya adhuhuri jembe la Mheshimiwa liligonga kitu, akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Akapanda ngazi za veranda amekikumbatia kwa mikono yote miwili, akakinyoosha mbele ya Bi. Mektilda.

Ulikuwa mfupa wa paja. Ubavuni mwake kulikuwa na bamba la chuma lenye skrubu nne, lile ambalo Filbert aliwekewa hospitali mwaka alioanguka kutoka kwenye paa akibishana na fundi bati. Bi. Mektilda aliupokea. Akaupangusa taratibu kwa upindo wa kanga, akazihesabu skrubu kwa ncha ya kidole, moja, mbili, tatu, nne. Akaufunga ndani ya kanga, akauweka mapajani, akauwekea mkono juu.

"Ndiye?" akauliza Mheshimiwa. "Bi. Mektilda, ndiye?"

Mama Tabu na wote waliokuwa pale waliacha kutafuna. Bi. Mektilda akamtazama Mheshimiwa moja kwa moja usoni.

"Siye huyu," akasema. "Endelea kuchimba."